Mionzi, Mapovu na Jini: Maneno Matano Yaliyopimwa Tunduma

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo moja la sayansi ya tiba, na pamoja nalo maneno matano ya Kiswahili ambayo bila ya hayo jambo lenyewe haliwezi kuelezeka. Ulitufikia ukurasa mmoja uliofasiriwa kwa ajili ya walimu wa sayansi na watumishi wa afya, nao ulikuwa na kichwa hiki: "Uzalishaji wa Jeni kwa Mionzi ya Juu na Mapovu Madogo katika Mishipa." Mfasiri wake hatumtaji wala hatumlaumu sana, kwani alipewa kazi jioni akatakiwa aikabidhi asubuhi, na karibu kila neno aliloliweka angeweza kulitetea kwa kamusi moja au nyingine. Hata hivyo kichwa hicho chataja kitu ambacho hakipo duniani. Lililokusudiwa ni kufikisha jeni ndani ya misuli kwa msaada wa sauti isiyosikika na vijiputo vya gesi. Si uzalishaji, si mionzi, si mapovu, wala si mishipa. Neno lililosalimika ni moja tu, jeni, na hilo nalo, kama msomaji atakavyoona, liliponzwa na sikio.

Tuliuchukua ukurasa huo tukausoma kwa sauti mbele ya watu mbalimbali katika Mkoa wa Songwe, hasa Tunduma na Vwawa. Tuliuchagua mkoa huo, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kwa sababu ya lugha zake. Mnyiha wa Mbozi, Mndali wa Ileje na Mnyamwanga wa Momba wote husema Kiswahili, lakini kila mmoja amekuja nacho kutoka nyumbani kwa lugha nyingine. Kinyamwanga kimekaa pande zote mbili za mpaka, Tunduma kwetu na Nakonde upande wa Zambia. Katika foleni ya malori yaendayo Zambia na Kongo utasikia Kibemba, Kiingereza cha Zambia na Kiswahili cha Lubumbashi kabla hujafika kituoni. Neno la kitaalamu likieleweka hapo, twaweza kuwa na matumaini kwamba litaeleweka mahali pengi; likipotoka hapo, hapana budi tujiulize kama kosa ni la msikilizaji au la neno.

Tuanze na jambo lenyewe. Mwili umejengwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba unaochagua kipi kipite na kipi kizuiwe. Ndani ya seli mna asidi ya urithi, ile ijulikanayo kwa herufi DNA, na jeni ni sehemu ya asidi hiyo yenye agizo la kutengeneza kitu fulani, aghalabu protini. Mtu akizaliwa na jeni yenye kasoro, mwili wake huikosa protini hiyo au huipata ikiwa mbovu. Wataalamu wa tiba ya jeni wanataka kumpelekea mgonjwa agizo zima. Taabu iko mpakani. Jeni ni molekuli ndefu mno kupita yenyewe katika utando wa seli, na ikiachwa ndani ya damu bila ya kinga hukatwakatwa upesi na vimeng'enya.

Mtu wa Tunduma hahitaji mfano wa mbali. Bidhaa ipo, mwenye kuihitaji yupo ng'ambo, na katikati pana lango. Njia iliyotumiwa zaidi hadi leo ni kuipakia jeni ndani ya virusi vilivyoondolewa uwezo wa kudhuru, kwa kuwa virusi kwa asili yao ni mabingwa wa kuvuka lango la seli. Lakini virusi wana kasoro mbili. Kwanza, askari wa mwili huwatambua, na mtu aliyekwisha kupewa virusi vya aina moja huenda asiweze kupewa tena. Pili, gari lenyewe ni dogo. Katika ugonjwa wa kudhoofika misuli uitwao Duchenne, unaowashika hasa watoto wa kiume, jeni iliyoharibika ni ya protini ya distrofini, nayo ni miongoni mwa jeni ndefu kuliko zote zijulikanazo za binadamu, yenye herufi za urithi zaidi ya milioni 2. Hata agizo lake likishafupishwa kama seli yenyewe inavyolifupisha kabla ya kulitumia, bado halitoshi ndani ya virusi vinavyopendelewa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana tiba iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa ugonjwa huu hubeba distrofini iliyokatwa ikawa fupi, kama vile mtambo wa mgodi unavyofunguliwa vipande na vingine kuachwa bandarini ili lori liweze kuondoka.

Njia ya pili haitumii virusi. Mwaka 1990 Jon Wolff na wenzake huko Wisconsin, Marekani, walidunga jeni tupu, bila ya mbebaji wowote, katika msuli wa panya, na seli za msuli zikaipokea na kuifanyia kazi. Watu walistaajabu. Msuli una sifa mbili zinazoufaa kwa kazi hii: ni rahisi kuufikia kwa sindano, na nyuzi zake hazigawanyiki kila mara kama seli za ngozi au za damu, kwa hiyo jeni iliyoingia huweza kudumu kwa miezi. Lakini jeni tupu iliyoingia ilikuwa kidogo tu, na ndipo wengine wakafikiri juu ya kulifungua lango kwa sauti.

Sauti inayokusudiwa ni ile ambayo sikio la binadamu haliisikii, yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Kifaa cha hospitali kitumiwacho kumtazama mtoto tumboni hutetema mara milioni kadhaa kwa sekunde. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za namna hiyo mwaka 1958, na leo kipimo hicho ni cha kawaida hata wilayani. Sasa, katika damu au katika msuli hutiwa vijiputo vya gesi vyenye upana wa mikroni 1 hadi 10, ambapo mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kila kijiputo kimevikwa koti jembamba la mafuta au la protini. Wimbi la sauti likipita, shinikizo hupanda na kushuka. Kijiputo husinyaa na kutanuka kwa mwendo huo huo, mara milioni kwa sekunde. Kwa bahati njema vijiputo vya kimo hiki huitikia sana mitetemo ile ile inayotumiwa na vifaa vya tiba. Sauti ikiwa ya wastani, kijiputo hutetema na kuyasukasuka majimaji yaliyo kando yake. Sauti ikiwa na nguvu, kijiputo hubomoka, na utando wa seli iliyo jirani hufunguka vitundu vidogo sana ambavyo hujifunga tena baada ya sekunde au dakika chache. Katika muda huo mfupi jeni huingia. Na kwa kuwa sauti yaweza kuelekezwa mahali pamoja, lango hufunguka pale tu ambapo mganga ameelekeza kifaa.

Hayo ndiyo mambo. Sasa tuyarudie maneno.

Neno la kwanza ni mionzi. Tulipouliza Tunduma kipimo cha wajawazito kinaitwaje, wengi walisema altrasaundi, na baadhi wakasema "kupigwa mionzi". Mkunga mmoja alitwambia kuwa wapo akina mama wanaokataa kipimo hicho kwa kuogopa mtoto ataungua, na alipowauliza nani amewaambia hayo, walijibu kuwa ni muuguzi aliyewaita: "Mama, njoo ukapigwe mionzi." Hofu yao ina msingi katika lugha. Mionzi hospitalini ni ya eksirei na ya tiba ya saratani, na ni kweli kwamba mjamzito huepushwa nayo kila inapowezekana. Altrasaundi si mionzi hata kidogo. Ni mtetemo wa kitu, kama mtetemo wa ngozi ya ngoma, na pasipo na kitu cha kutetema haipiti. Mwalimu anayetaka kulithibitisha jambo hili na aulize kwa nini mgonjwa hupakwa jeli tumboni. Hupakwa kwa sababu hewa iliyo kati ya kifaa na ngozi huizuia sauti isipenye; eksirei haihitaji jeli, maana hupita hewani bila ya taabu. Sababu hiyo hiyo ndiyo ivifanyayo vijiputo vya gesi ving'ae katika picha: sauti ikifika penye gesi hurudi kama mwangwi.

Je, tuiite nini? "Sauti ya juu" haifai kabisa, kwani kwa Mswahili sauti ya juu ni kelele, na wasikilizaji wetu wawili waliuliza kama mtoto hatazibuka masikio. Katika isimu lipo neno kidatu kwa maana ya kupanda na kushuka kwa sauti, na mtu angeweza kusema "sauti ya kidatu kisichosikika". Lakini tulipolijaribu, kila mtu alifikiri juu ya bwawa la umeme lililoko Morogoro. Maoni yetu ni kwamba altrasaundi limekwisha kuingia na halina haja ya kufukuzwa. Libaki kuwa jina la kifaa na la kipimo. Pale panapohitajika kueleza kitu chenyewe, isemwe "mawimbi ya sauti isiyosikika". Mionzi liachwe kabisa kwa shughuli hii, hata katika mazungumzo ya mlangoni, maana huko ndiko lilikofanya madhara.

Neno la pili ni mapovu. Povu ni kitu cha sabuni, cha bia na cha maziwa yanayochemka, na zaidi ya hayo ni kitu kitokacho mdomoni mwa mgonjwa wa kifafa. Mtu akiambiwa kuwa atadungwa povu, ana haki ya kuondoka. Tena povu ni mkusanyiko, nasi twataka jina la kimoja kimoja. Neno lifaalo ni kiputo, ambalo lipo na linajulikana. Tatizo ni udogo. Wafasiri wengine wameandika "mikroputo", wengine "viputo vya mikro", kana kwamba Kiswahili hakina njia yake ya kudogosha. Kinayo. Kitabu kikiwa kidogo huwa kijitabu, na kisiwa kikiwa kidogo huwa kijisiwa. Kwa kanuni hiyo hiyo kiputo huwa kijiputo, na wingi wake vijiputo. Tumesikia pingamizi kwamba kiji- hutweza, kama katika kijitu na kijibwa. Ni kweli kwa watu na wanyama, lakini hakuna anayekidharau kijiji au kijiko kwa sababu ya kiambishi chake. Walimu wa Vwawa tuliowaonyesha maneno yote matatu walilishika vijiputo mara moja, na mmoja akaendelea kulitumia bila ya kujua kuwa tumelipendekeza sisi.

Hapa pana swali ambalo kila muuguzi atauliza, na mfasiri hapana budi ajiandae nalo. Muuguzi hufunzwa kuitoa hewa ndani ya bomba la sindano kabla ya kudunga mshipa, kwa kuwa hewa ndani ya damu yaweza kuua. Imekuwaje leo aambiwe atie gesi? Jibu ni la kimo na la wingi. Kijiputo hiki kinakaribiana na chembe nyekundu ya damu, yenye upana wa mikroni 7 au 8, au ni kidogo kuliko hiyo. Hupita katika vishipa vyembamba kabisa, gesi yake ni kidogo mno, na baada ya dakika chache huyeyuka na kutoka kwa pumzi. Vijiputo vya namna hii vimetumiwa hospitalini tangu miaka ya 1990 ili moyo na ini vionekane vizuri katika picha. Havikubuniwa kwa ajili ya jeni. Mwaka 1968 Raymond Gramiak na Pravin Shah wa Marekani walieleza jinsi kimiminika kilichodungwa karibu na moyo kilivyotoa mwangwi mkali katika altrasaundi, na chanzo cha mwangwi huo kilikuwa ni viputo. Mengine yalifuata kutoka hapo.

Neno la tatu ndilo zito. Tulikuwa tumekaa kivulini na mzee mmoja, dereva aliyestaafu, na kijana aliyetusaidia kusoma alikuwa amefika penye sentensi isemayo kwamba jeni huingizwa katika mwili wa mgonjwa. Mzee alimkatiza.

"Mwanangu, hilo jini mnalomwingizia mtu, litatoka lini?"

"Hapana, mzee, si jini. Ni jeni."

"Ndiyo nasema hilo hilo."

Tulicheka, naye akacheka, lakini swali lake halikuwa la mzaha. Kati ya jeni na jini pana irabu moja tu, na maneno yote mawili hutokea pamoja na vitenzi vile vile: kuingia, kuingizwa, kukaa mwilini, kurithiwa katika ukoo. Mtu asiyelijua jeni hana njia ya kulisikia isipokuwa kama jini. Je, tulitupe? Hapana. Jeni limo katika kamusi na katika vitabu, na lugha nyingi duniani zinalitumia. Lakini twapendekeza kwamba katika maandishi ya wananchi lisije peke yake mara ya kwanza. Litanguliwe na maelezo: "agizo la urithi, liitwalo jeni". Tulipolisoma hivyo, mzee yule aliuliza agizo hilo linamwagiza nani. Hilo lilikuwa swali la sayansi, nasi tuliweza kulijibu.

Wapo wanaosema tukimbilie vinasaba. Neno hilo ni zuri. Limetokana na nasaba, nalo limekwisha kutumiwa katika mambo ya sheria, kwani tangu mwaka 2009 nchi yetu ina sheria kuhusu vinasaba vya binadamu. Na hapo ndipo penye taabu yake. Kwa mwananchi wa kawaida, kupima vinasaba ni kutafuta baba wa mtoto. Sema "tutaingiza vinasaba katika msuli wako", naye atasikia kuwa mnachanganya ukoo wake na ukoo wa mtu mwingine. Mama mmoja wa Tunduma alituuliza waziwazi: mtu akishatiwa vinasaba hivyo, watoto atakaowazaa watakuwa wa nani? Kwa hiyo twaona ni bora kugawa kazi. Vinasaba iwe ni DNA kwa jumla, ile inayopimwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Jeni iwe ni agizo moja moja ndani yake. Vitabu vingi huyachanganya maneno haya mawili katika ukurasa mmoja, na mwanafunzi hubaki akidhani ni kitu kimoja.

Msomaji asidhani kuwa tunazungumza juu ya maabara za mbali tu. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya Uviko-19 kwa kuchanjwa yeye mwenyewe, na chanjo iliyoanza kutumika ilikuwa ya Janssen, iliyosambazwa mikoani muda mfupi baadaye. Chanjo hiyo ilifanyaje kazi? Ilikuwa na virusi vya adeno visivyoweza kuzaliana, vimebeba jeni ya protini ya mwiba wa virusi vya korona, nayo ilidungwa katika msuli wa bega. Kwa maneno mengine, jeni ilifikishwa katika misuli ya Watanzania wengi, huku neno la kueleza hivyo likiwa halijatayarishwa. Uvumi ulijaza nafasi. Watu walisema kuwa chanjo "inabadilisha vinasaba". Tuliwasikia pia watetezi wa chanjo wakijibu kuwa haina jeni yoyote, jibu ambalo si kweli, na lililompa mpinzani silaha siku alipoisoma karatasi ya dawa. Jibu la kweli lilikuwa rahisi lau maneno yangekuwapo: chanjo imebeba jeni moja, seli za msuli hulisoma agizo lake kwa muda, mwili ukajifunza kuitambua protini ile, jeni hiyo haijiungi na vinasaba vya mtu wala haifiki kwa watoto wake. Mbebaji hapo alikuwa virusi. Vijiputo na sauti ni mbebaji mwingine na mfungua lango mwingine, lakini mzigo na mpokeaji ni vile vile.

Tukija kwenye neno la nne, uzalishaji, mfasiri wetu alinaswa na neno la kigeni lenye maana mbili, ya kumzalisha mama na ya kupeleka mzigo, naye akachukua isiyostahili. Kosa hilo ni jepesi kuliona. Gumu ni kuchagua badala yake. Kupeleka hakutoshi, kwa sababu mzigo waweza kupelekwa usifike, na habari yote ya tiba hii ni kufika. Kuwasilisha ni kwa ofisini. Huwasilishwa ripoti na hoja. Kupandikiza ndilo neno linalopendwa na magazeti, nalo ndilo tunaloliogopa zaidi. Kilichopandikizwa hushika mizizi. Jeni iliyoingia kwa njia ya vijiputo haishiki. Kwa kawaida hukaa kando ya vinasaba vya seli, hufanya kazi kwa majuma au miezi, kisha hupotea. Mgonjwa akiambiwa kuwa amepandikizwa jeni atafikiri ameponywa moja kwa moja, au amebadilishwa moja kwa moja, na yote mawili ni uongo. Kufikisha ndilo neno letu, na jina la kazi yenyewe ni ufikishaji wa jeni.

Juu ya mishipa hatutasema mengi. Kiswahili kimelibebesha mshipa mizigo ya damu, ya neva, ya kano na hata ya ngiri, na haliwezi kubebeshwa na nyama pia. Ni msuli, wingi misuli. Mtu wa pwani atatukumbusha kuwa msuli ni nguo ya kujifunga kiunoni, lakini hatujamwona bado mgonjwa aliyedhani kuwa anadungwa nguo. Huko Mbozi wengi husema tu "nyama ya mkono" au "nyama ya paja", nasi twaona hakuna ubaya kulitumia hilo katika maelezo ya mdomo.

Lipo bado jina la kile kitendo cha sauti kuufungua utando. Wengine wamesema "utoboaji kwa sauti". Kutoboa huacha tundu, ilhali matundu haya hujiziba. Tulipendekeza "upenyezaji kwa sauti", na karani mmoja wa forodha akatabasamu. Penye udhia penyeza rupia, alisema. Hapa mpakani kupenyeza ni kazi ya watu wa magendo. Tulilifikiria jambo hilo kwa muda, kisha tukaona kuwa neno halijaharibika kwa hilo. Jeni kwa kweli hupita mahali ambapo haikuruhusiwa, kwa muda mfupi, lango likiwa wazi.

Yatupasa kusema wazi tiba hii imefika wapi, maana mfasiri huulizwa. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walionyesha kwa wanyama kwamba altrasaundi pamoja na vijiputo huongeza sana jeni inayopokelewa na msuli. Mwaka 2003 wenzao wa London walionyesha kwa panya kwamba vijiputo huongeza ufanisi na hupunguza madhara kwa tishu. Kazi imeendelea tangu hapo, katika misuli ya miguu isiyopata damu ya kutosha na katika moyo. Hadi tunapoandika haya, si tiba ya kawaida ya hospitali yoyote, na anayemwambia mgonjwa vinginevyo amdanganya. Kiasi cha jeni kinachofika bado ni kidogo kuliko kile kifikishwacho na virusi, na sauti ikizidi nguvu huweza kuvipasua vishipa vidogo.

Walakini maneno hayangoji tiba. Utafiti wa tiba unaomhusu binadamu nchini mwetu hauanzi bila ya kibali cha maadili, na mshiriki hutakiwa kutia sahihi fomu ya ridhaa iliyo katika lugha anayoielewa, ambayo aghalabu ni Kiswahili. Sahihi iliyotiwa chini ya maneno "uzalishaji", "mionzi" na "mapovu" ni ridhaa ya jambo gani? Kwa sababu hiyo tuliiandika upya sentensi kuu ya ukurasa ule, kama ambavyo tungetaka isomeke katika fomu ya namna hiyo:

"Tutakudunga katika msuli wa paja dawa yenye agizo la urithi, liitwalo jeni, pamoja na vijiputo vidogo sana vya gesi. Kisha tutaweka juu ya ngozi kifaa cha altrasaundi, ambacho hutoa sauti isiyosikika na wala si mionzi. Sauti hiyo itavitetemesha vijiputo, na kwa muda mfupi itafungua njia ya jeni kuingia katika seli za msuli. Hatutarajii jeni hiyo ikae katika mwili wako daima, wala irithiwe na watoto wako."

Tuliisoma Tunduma kwa watu wale wale. Mama aliyeuliza juu ya watoto alisema kuwa sasa ameelewa, ila hataki kudungwa. Hilo ndilo jibu ambalo fomu ya ridhaa imetengenezwa ili iweze kulipokea.

Limebaki neno moja ambalo limetushinda. Kijiputo kinapozidiwa na sauti hakipasuki kwa kutoka nje kama puto la watoto. Huanguka ndani yake chenyewe kwa kasi na kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayoufungua utando. Kupasuka kwaelekea nje. Kunywea kwaelekea ndani, lakini ni kwa polepole, kama tunda lililokaa juani. Fundi wa magurudumu aliye karibu na stesheni ya TAZARA alitupa kubonyea, kama kopo lililokanyagwa. Lakini kopo lililobonyea bado ni kopo, na kijiputo hiki hakibaki. Kwa sasa tumeandika kubomokea ndani, maneno mawili mahali pa moja, nasi tutashukuru msomaji mwenye neno bora zaidi akituandikia.